Mkazi Akiumia, Saa Imeanza: Maswali na Majibu ya Marudio kwa Mtihani wa CNA

Maswali haya yanarudia somo moja tu: kutoa taarifa mapema mkazi wa makao ya wazee anapoumia. Yameandikwa kwa msomaji wa Kiswahili anayejiandaa kuwa CNA, yaani msaidizi wa muuguzi mwenye cheti, nchini Marekani. Sheria zinazotajwa ni za serikali kuu ya nchi hiyo. Jimbo lako linaweza kuongeza masharti makali zaidi, na kila makao yana utaratibu wake wa maandishi ambao utaulizwa siku ya kwanza kazini. Funika jibu kwa karatasi, jibu kwa sauti, kisha linganisha.

SEHEMU A: MSINGI

1. Masharti ya makao ya wazee nchini Marekani yametokana na sheria gani?

Yametokana na Sheria ya Marekebisho ya Makao ya Wazee ya mwaka 1987, iliyopitishwa ndani ya sheria kubwa ya bajeti inayojulikana kama OBRA. Ndiyo iliyoweka kiwango cha chini cha saa 75 za mafunzo kwa CNA, mtihani wa kupima uwezo wake, na daftari la majina ya CNA katika kila jimbo. Inayahusu makao yanayopokea malipo ya Medicare au Medicaid, na hayo ndiyo mengi.

2. Tofautisha unyanyasaji na utelekezaji.

Unyanyasaji ni tendo la makusudi linalomletea mkazi madhara, maumivu au mateso ya moyo: kumpiga, kumfungia, kumtisha, kumwadhibu. Utelekezaji ni kushindwa kumpa mkazi huduma anayohitaji ili asidhurike, kwa mfano kumwacha chooni bila kengele ya kuita ilhali hawezi kusimama peke yake.

Angalizo la mtihani: neno "makusudi" linahusu tendo. Aliyemvuta mkazi mkono kwa hasira hawezi kujitetea kwamba hakukusudia kumvunja. Alikusudia kuvuta.

3. Jeraha lisilojulikana chanzo ni lipi?

Ni jeraha lenye sifa mbili kwa pamoja. Kwanza, hakuna aliyeona lilivyotokea, na mkazi mwenyewe hawezi kulieleza. Pili, linatia shaka kwa sababu ya ukubwa wake, mahali lilipo, wingi wa majeraha kwa wakati mmoja, au kujirudia kwake siku hadi siku. Damu iliyovilia kwenye muundi wa mkazi anayetembea na kugonga viti haishangazi. Damu iliyovilia upande wa ndani wa paja la mkazi asiyeinuka kitandani inadai maelezo.

4. Jeraha baya la mwili ni lipi?

Ni jeraha lenye maumivu makali mno, au linalohatarisha maisha, au linalodhoofisha kiungo, ogani au akili kwa muda mrefu, au linalohitaji tiba kama upasuaji, kulazwa hospitali au mazoezi ya kurejesha viungo. Kitendo cha ukatili wa kingono huhesabiwa humu.

5. Mkazi ameteleza, ukamdaka kabla hajafika chini. Je, ameanguka?

Ndiyo. Aliyepoteza mizani na ambaye angeanguka kama asingedakwa anahesabiwa kuwa ameanguka. Vilevile mkazi aliyekutwa sakafuni huchukuliwa kuwa ameanguka hadi uthibitike ukweli mwingine. Yote mawili yanatolewa taarifa, hata kama hakuna jeraha linaloonekana.

6. Kwa nini sheria inabana muda badala ya kusema tu "toa taarifa"?

Kwa sababu tatu. Afya: damu inayovuja ndani ya fuvu au nyonga iliyovunjika haingojei zamu ibadilike. Ushahidi: shuka hufuliwa, sakafu hupigwa deki, kumbukumbu za watu hufifia. Wengine: kama kuna mtu anayedhuru wakazi, kila saa ya ukimya inampa nafasi ya kumfikia mwingine.

Hofu hii ina msingi. Mwaka 2019 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Afya na Huduma za Jamii alichapisha uchunguzi wa ankara za Medicare za mwaka 2016, zile za wakazi waliopelekwa hospitali kwa dharura wakiwa na dalili za hatari kubwa. Takribani moja kati ya kila tano ilionyesha uwezekano wa unyanyasaji au utelekezaji, na matukio mengi kati ya hayo hayakuwa yamefikishwa kwa wakaguzi wa majimbo. Wahenga walishasema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

SEHEMU B: MUDA

7. CNA ana muda gani wa kumwarifu muuguzi wa zamu?

Hana muda wa kungoja. Jibu la mtihani ni "mara moja". Saa 2 na saa 24 utakazosoma hapa chini ni ukomo wa taarifa kufika nje ya makao. Hazikupi ruhusa ya kumalizia kutandika vitanda kwanza. Kila dakika unayokaa na habari unaila katika muda wa wale wanaopaswa kupiga simu.

8. Taja mihula mitatu ambayo makao yanabanwa nayo.

Saa 2: dai lolote la unyanyasaji, au tukio linalotolewa taarifa ambalo limeleta jeraha baya la mwili.

Saa 24: madai mengine, kama utelekezaji au kuporwa mali, yasiyohusu unyanyasaji wala kuleta jeraha baya. Majeraha yasiyojulikana chanzo nayo lazima yatolewe taarifa, na muda wake hufuata kanuni hizi mbili.

Siku 5 za kazi: matokeo ya uchunguzi wa makao yawe yamefikishwa.

Taarifa hupelekwa kwa msimamizi wa makao, kwa idara ya jimbo inayokagua makao, na kwa wengine ambao sheria ya jimbo inawataja, kama ofisi ya kuwalinda watu wazima walio hatarini.

9. Mkazi anasema mfanyakazi amempiga kofi. Huoni alama yoyote. Ni saa 2 au saa 24?

Ni saa 2. Hapa ndipo wengi hupoteza alama, kwa kudhani kwamba bila jeraha kuna nafasi ya siku nzima. Rudia jibu la swali la 8: unyanyasaji au jeraha baya, kimojawapo kinatosha.

10. Saa inaanza kuhesabiwa lini?

Inaanza pale dai linapotolewa au shaka inapoingia. Haingoji uhakika, picha ya eksirei, wala mkuu wa wauguzi arudi kutoka mapumziko. Tena inahesabiwa mfululizo, usiku na mchana, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Siku 5 za uchunguzi pekee ndizo zinazoruka siku zisizo za kazi.

11. Jeraha limegunduliwa saa 4:40 usiku. Andika saa hiyo kwa mtindo wa saa 24, kisha utaje ukomo wa saa 2.

Ni 22:40, na ukomo ni 00:40 ya siku inayofuata, kwa hiyo tarehe nayo inabadilika.

Anayehesabu saa kwa Kiswahili ajizoeze kanuni hii: saa za mchana, ongeza 6, saa za usiku na alfajiri, ongeza 18, na jumla ikifika 24 au kuzidi, toa 24. Saa 8:30 mchana ni 14:30. Saa 8:30 usiku ni 02:30. Saa 12 asubuhi, inayofunga usiku, ni 06:00, na saa 12 jioni, inayofunga mchana, ni 18:00. Kosa la saa 6 kwenye jalada linaweza kuonyesha kwamba taarifa ilichelewa hata kama ulikimbia kuitoa.

12. Sheria ya Haki kwa Wazee ya mwaka 2010 inaongeza nini?

Inaweka wajibu juu ya mtu mmoja mmoja. Ilitiwa saini Machi 2010 ndani ya sheria kubwa ya mageuzi ya afya ya Rais Obama. Inamhusu mmiliki, mwendeshaji, meneja, mfanyakazi, wakala na mkandarasi wa makao yanayopokea angalau dola 10,000 za serikali kuu kwa mwaka. Ukiwa na sababu ya kushuku kwamba uhalifu umetendwa dhidi ya mkazi, unapaswa kuarifu idara ya jimbo na polisi: ndani ya saa 2 kama kuna jeraha baya la mwili, ndani ya saa 24 kama halipo. Faini iliyoandikwa katika sheria hiyo ni hadi dola 200,000, na hadi 300,000 iwapo ukimya umezidisha madhara au umemdhuru mtu mwingine. Viwango hivyo hupandishwa kufuata mfumuko wa bei.

13. Daktari na familia wanaarifiwa lini, na nani?

Makao yanapaswa kumweleza mkazi mwenyewe, kushauriana na daktari wake na kumwarifu mwakilishi wake mara moja ikiwa ajali imeleta jeraha linaloweza kuhitaji daktari, hali ya mkazi imebadilika sana, matibabu yanahitaji kubadilishwa sana, au anahamishwa. Simu hizo hupigwa na muuguzi. Binti wa mkazi akikusimamisha ukumbini na kuuliza, mjibu kwa heshima: "Mama, ngoja nimwite muuguzi akueleze vizuri," kisha umwite kweli.

14. Je, kila anayeanguka na kuvunjika anaripotiwa kwa idara ya jimbo ndani ya saa 2?

La. Mkazi akijikwaa mbele ya mashahidi, huku mpango wake wa matunzo ukifuatwa kikamilifu, daktari na familia huarifiwa mara moja, lakini tukio hilo peke yake si dai la unyanyasaji wala utelekezaji. Kama mpango ulisema anyanyuliwe na watu wawili, na aliangushwa na mmoja, kuna shaka ya utelekezaji wenye jeraha baya, na saa 2 zinaanza. Uamuzi huo si wa CNA. Kazi yako ni kueleza tukio lote, pamoja na lile linalokuumbua, ili anayeamua awe na ukweli mkononi.

SEHEMU C: KAZINI

15. Umemkuta mkazi sakafuni. Eleza hatua kwa mpangilio.

(a) Usimwache na usimnyanyue. Piga kengele au ita kwa sauti muuguzi aje.
(b) Mwambie asijisogeze. Angalia kama anapumua, anaitika, anatoka damu.
(c) Vaa glavu na ukandamize panapovuja damu.
(d) Muuguzi akifika, mweleze ulichokuta, kisha umsaidie kupima mapigo, upumuaji, presha na joto.
(e) Msogeze pale tu muuguzi atakapokwisha kumpima na kuruhusu.
(f) Andika maelezo yako kabla ya kuondoka zamu, saa na dakika zikiwemo.

Mguu uliofupika na kupinda kuelekea nje ni dalili ya nyonga iliyovunjika. Kumnyanyua haraka "asikae chini kama mtoto" ni huruma inayoweza kuongeza jeraha.

16. Mkazi anayetumia warfarin amegonga kichwa, lakini anacheka na kusema yu mzima. Kwa nini bado ni haraka?

Warfarin huzuia damu kuganda, hivyo hata pigo dogo linaweza kuvujisha damu ndani ya fuvu. Kwa mzee, damu hiyo inaweza kujikusanya polepole, dalili zikajitokeza baada ya saa, siku, hata wiki. Muuguzi atapanga kumchunguza fahamu, mboni za macho na nguvu za mikono kwa vipindi maalumu. Mabadiliko ya kuarifu papo hapo ni usingizi usio wa kawaida, kutapika, maumivu ya kichwa, maneno kuvurugika au udhaifu wa upande mmoja.

17. Sentensi ipi inafaa kuandikwa: "Bibi alianguka akijaribu kwenda chooni" au "Nilimkuta bibi sakafuni kando ya kitanda, amelalia ubavu wa kulia, saa 03:10"?

Ya pili. Ya kwanza ni dhana, kwani hukuona. Andika ulichoona, ulichosikia na ulichofanya. Maneno ya mkazi yaweke ndani ya alama za kunukuu kama alivyoyasema, hata kama hayana mpangilio. Usiandike kwa niaba ya mwenzako. Ukikosea, piga mstari mmoja, weka herufi za jina lako na tarehe, usifute. Rangi ya damu iliyovilia itaje kama ilivyo, usikisie ina siku ngapi, kwa sababu rangi si kipimo cha kuaminika cha umri wa jeraha.

18. Mkazi anakuambia: "Mwanangu, usimwambie mtu, watanipeleka hospitali." Unamjibuje?

Usimwahidi siri. Mwambie kwa upole kwamba unamheshimu, na kwamba kwa usalama wake lazima muuguzi ajue. Mweleze kwamba yeye mwenyewe ataelezwa kila hatua na ana haki ya kusema anachotaka kuhusu matibabu. Kisha mwarifu muuguzi, na umtajie pia ombi la mkazi na hofu yake. Katika desturi zetu ni vigumu kumkatalia mzee. Hapa adabu inakaa katika namna ya kumweleza, na taarifa inatoka vilevile.

19. Muuguzi anasema, "Ngoja zamu iishe, tutaliandika kesho." Unafanya nini?

Panda ngazi: mkuu wa wauguzi, kisha msimamizi wa makao. Ukishuku uhalifu, wajibu wa swali la 12 ni wako binafsi, na unaweza kupiga simu moja kwa moja idara ya jimbo na polisi. Makao yanatakiwa kubandika tangazo linaloonekana la haki za wafanyakazi wanaotoa taarifa. Sheria inakataza kumfukuza, kumshusha cheo, kumtisha au kumlipizia kisasi aliyetoa taarifa kwa mujibu wa sheria. Yupo pia mtetezi wa wakazi wa makao ya wazee, ambaye kila jimbo linapaswa kuwa naye chini ya Sheria ya Wazee wa Marekani. Yeye hupokea malalamiko ya wakazi na familia zao.

20. Wakaguzi wa jimbo wakikuta taarifa ilichelewa, wanaandika nini?

Huandika kosa kwa namba: F609 kwa kutotoa taarifa au kuchelewa, F610 kwa kutochunguza au kutowalinda wakazi uchunguzi ukiendelea, F580 kwa kutomwarifu daktari au familia. Uzito hupimwa kwa herufi A hadi L, na J, K, L maana yake ni hatari ya papo kwa papo. CNA aliyethibitishwa kumnyanyasa au kumtelekeza mkazi huandikwa kwenye daftari la jimbo, na makao hayaruhusiwi kumwajiri mtu mwenye rekodi hiyo.

SEHEMU D: CHAGUA JIBU SAHIHI

21. Unamwona mwenzako akimfinya mkazi. Jambo la kwanza ni:
A. Kumsubiri mwenzako ajieleze
B. Kuhakikisha mkazi yuko salama, kisha kumwarifu muuguzi mara moja
C. Kuijulisha familia
D. Kuandika barua mwisho wa wiki

Jibu: B. Usalama hutangulia taarifa, lakini vinafuatana bila pengo. C inaonekana ya huruma, ila si kazi yako.

22. Umempiga picha mkazi aliyeumia kwa simu yako, upate "ushahidi". Hilo ni:
A. Sahihi, kwa sababu picha haidanganyi
B. Sahihi ukimtumia muuguzi peke yake
C. Kosa, kwa sababu linavunja faragha ya mkazi
D. Sahihi mkazi akiwa amelala

Jibu: C. Picha za jeraha hupigwa kwa utaratibu wa makao, na wenye ruhusa.

23. Fomu ya tukio la ajali:
A. Inachukua nafasi ya maelezo kwenye jalada
B. Hujazwa na anayeshukiwa tu
C. Hujazwa kwa ukweli, na jalada nalo huandikwa hali ya mkazi
D. Hujazwa pale tu kuna damu

Jibu: C. Fomu hulisaidia kundi la uongozi kuzuia ajali nyingine. Jalada huonyesha hali na matunzo ya mkazi.

SEHEMU E: KISA CHA KUJIPIMA (alama 10)

24. Jumapili saa 1:15 asubuhi unaanza kumwosha mkazi mwenye ugonjwa wa kusahau, asiyeweza kujieleza. Unaona alama nne za mviringo, za zambarau, upande wa ndani wa mkono wake wa juu, na kifundo cha mkono kimevimba. Mwenzako wa usiku anakuambia akiondoka: "Alikuwa mkorofi kidogo jana." Eleza (a) aina ya jeraha, (b) hatua zako, (c) ukomo wa muda, (d) maelezo yako ya maandishi.

(a) Ni jeraha lisilojulikana chanzo: hakuna aliyelieleza, na mahali na mpangilio wa alama vinatia shaka ya kushikwa kwa nguvu. Shaka ya unyanyasaji ipo. (alama 2)

(b) Simamisha kuosha, mfunike apate staha na joto, kaa naye, ita muuguzi. Usimhoji mwenzako wala kumshutumu. Mweleze muuguzi maneno yake kama yalivyo. Kuchunguza, na kumtenga anayeshukiwa na wakazi wakati uchunguzi unaendelea, ni jukumu la makao. (alama 3)

(c) Saa 1:15 asubuhi ni 07:15, basi taarifa iwe imefika kwa idara ya jimbo kabla ya 09:15, ingawa ni Jumapili. Matokeo ya uchunguzi yawe yamefikishwa kufikia Ijumaa ya wiki hiyo, kama hakuna sikukuu katikati. (alama 3)

(d) "07:15. Wakati wa kumwosha niliona alama nne za mviringo, rangi ya zambarau, upande wa ndani wa mkono wa juu wa kulia. Kifundo cha mkono wa kulia kimevimba. Mkazi alikunja uso nilipokigusa. Nilisimamisha kuosha na kumwita muuguzi wa zamu, akafika 07:18." (alama 2)

Ukiandika kwamba mwenzako ndiye aliyemshika, toa alama moja: hukuona. Ukiandika kwamba ungengoja kwanza uhakikishe, toa zote tano za (a) na (b), kisha urudie swali la 10.